Mvuke wa oveni si wa kulainisha mkate

Kuoka kwa mvuke ni kuijaza oveni mvuke katika dakika za kwanza za kuoka, ili ngozi ya donge ichelewe kukauka na mkate uumuke mpaka ufike mwisho wa nguvu zake. Baada ya hapo mvuke unatolewa na mkate unamalizia kuiva kwa joto kavu. Maana ni hiyo tu. Ninaiandika kwa sababu hapa Nakuru waokaji wa nyumbani wameongezeka, na karibu kila ninapokutana nao nasikia jina hili likipewa maana mbili nyingine, moja isiyo na madhara na nyingine inayoharibu mikate ya watu.

Ile isiyo na madhara naipita haraka. Kuna wanaodhani mkate wa mvuke ni mkate ulioivishwa na mvuke wenyewe, jinsi viazi vitamu vinavyoiva juu ya majani ya ndizi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Donge la ngano linaweza kuiva hivyo, na Wachina wana mikate yao myeupe ya namna hiyo. Lakini halitapata ganda la kahawia hata likae humo siku nzima. Rangi ya kahawia huanza kuja vizuri ngozi ya mkate ikifika kama digrii 140, na mvuke wa sufuria haupandi zaidi ya joto la maji yanayochemka. Nakuru, iliyo mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kisumu, iliyo chini zaidi, ni kama 96.

Inayonikera ni ya pili: kwamba unaweka bakuli la maji kwenye oveni ili mkate uwe laini. Nimeisikia hata kwenye mafunzo ya kulipia, mwalimu akiwaambia wanafunzi waliokuwa wanaoka mkate wa maziwa ndani ya tini kwamba maji yale "yanaingia ndani ya mkate". Hayaingii. Ulaini wa mkate wa maziwa unatokana na maziwa, mafuta, sukari, na kiasi cha maji uliyokandia unga. Ukitaka ubaki laini, uutoe kabla haujakauka, upake siagi, uufunike kwa kitambaa safi ungali moto. Mvuke hauna kazi hapo.

Kazi ya mvuke iko nje ya mkate, kwenye ngozi yake. Donge linaingia oveni likiwa na joto la chumba, digrii 25 hivi. Mvuke ukiigusa ngozi hiyo iliyo baridi unarudi kuwa maji papo hapo, na hapo ndipo penye siri. Kugeuza maji yaliyokwisha kuchemka kuwa mvuke kunahitaji joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi kuyachemsha. Mvuke unapogeuka maji, unalishushia donge joto hilo lote. Kwa hiyo ngozi inapata moto kwa kasi na wakati huohuo inabaki na utando mwembamba wa maji. Ikiwa imelowa, inanyumbulika. Hewa iliyo ndani ya donge inapanuka, hamira inafanya kazi ya mwisho kabla ya kufa joto likifika digrii 60 hivi, na mkate unapanda bila kuzuiwa.

Utando huo wa maji una faida nyingine ambayo wengi huikosa. Wanga ulio juu ya ngozi unaunyonya, unavimba, unakuwa kama uji mwepesi, halafu unapokuja kukauka unaacha mng'ao na ganda jembamba linalopasuka ukiliuma. Tazama mikate miwili kwenye kioo cha oveni baada ya dakika kumi. Uliopata mvuke umeng'aa na pale ulipouchanja kwa wembe pamefunguka kama mdomo. Uliokosa mvuke una rangi ya kijivu iliyofifia, mchanjo umejifunga, na mara nyingi mkate umepasukia ubavuni karibu na chini, kwa kuwa nguvu ya ndani lazima ipate pa kutokea. Huku kwetu mwinukoni maji hukauka upesi zaidi, kwa hiyo ngozi hufunga mapema zaidi pia.

Sasa mvuke huohuo ukiachwa humo mpaka mwisho unaharibu kazi yake. Ngozi yenye unyevu haipandi kufika joto la kupata rangi, na ganda linatoka limepauka, gumu kutafuna kama ngozi ya kiatu. Ndiyo maana bakuli la maji baridi linaloingia pamoja na mkate ni kosa la mpangilio. Linakunywa joto la oveni mwanzoni, wakati mvuke unahitajika, kisha linaanza kuchemka ganda likiwa limekwisha kufunga.

Sehemu ya mkanganyiko huu ni ya zamani kuliko sisi. August Zang, aliyekuwa afisa wa jeshi la Austria, alifungua duka la mikate ya Vienna jijini Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, na yeye ndiye anayehesabiwa kuwa aliwapelekea Wafaransa oveni ya mvuke. Sakafu ya oveni za Vienna iliinama kuelekea mlangoni, mlango ukiwa chini kuliko sehemu ya kuokea, ili mvuke, kwa kuwa unapanda juu, ubaki umetulia juu ya mikate usitoke. Zang hakukaa sana kwenye unga. Alirudi Vienna na mwaka 1848 akaanzisha gazeti la Die Presse. Lakini katika karne hiyohiyo, London, Angier March Perkins alitengeneza oveni nyingine iliyoitwa pia ya mvuke. Yake ilikuwa na mabomba ya chuma yaliyozibwa ncha zote mbili, yenye maji kidogo ndani, ncha moja ikiwa motoni na nyingine ndani ya chumba cha kuokea. Mvuke ulizunguka ndani ya bomba ukibeba joto tu, haukugusa mkate hata kidogo. Oveni mbili, jina moja, kazi tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia kiwanda fulani kilikuwa na oveni za mvuke, bado hajakuambia lolote kuhusu ganda la mikate yake.

Nyumbani, njia inayofaa ni trei nzito ya chuma iliyowekwa chini kabisa ya oveni tangu unapoiwasha. Oveni ikifika digrii 230, ingiza mkate, mimina kikombe cha maji yanayochemka kwenye trei, funga mlango mara moja. Vaa glavu ndefu na geuza uso pembeni. Mvuke unachoma vibaya kuliko maji ya moto, kwa sababu ileile ya joto unaloshusha ukigusa ngozi. Angalia maji yasirukie kioo, kinaweza kupasuka. Baada ya dakika kumi na tano toa trei na uuache mlango wazi sekunde chache ili mvuke utoke.

Oveni ya gesi ina shida yake. Imetobolewa ili moto upumue, na mvuke unatoka kwa njia hiyohiyo. Hapo tumia sufuria nzito yenye kifuniko iliyokwisha kupata moto. Donge lenyewe litatoa mvuke wa kutosha, maana mkate hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake ukiwa unaoka, na karibu yote ni maji. Dakika ishirini umefunikwa, halafu ondoa kifuniko mpaka upate rangi.

Na hili nawaambia hasa wanaookea kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, wanaodhani mvuke ni mambo ya wenye oveni za stima. Sufuria yako iliyofunikwa imekuwa na mvuke siku zote. Kinachokosekana ni kuutoa. Mkate ukishapanda, inua kifuniko kwa uangalifu, makaa yakiwa juu yake, uache pumzi itoke, ufute matone upande wa ndani, kisha ukirudishe kikiwa kimeachwa upenyo mdogo.

Kama una mkate wa maziwa kwenye tini na bakuli la maji limekaa chini yake, hujaharibu kitu kikubwa. Utoe tu bakuli, uongeze maziwa kidogo kwenye unga safari ijayo, na trei ya maji uiweke akiba kwa siku utakayooka mkate wa ganda.