Jibu sahihi, alama moja: taratibu za darasa langu la trigonometria

Shule hazijamaliza wiki mbili tangu zifunguliwe, mama mmoja akanisubiri getini na daftari la mwanawe. Akafungua ukurasa, akaweka kidole penye wino mwekundu. "Mwalimu, jibu si ndilo hili hili? Mbona umempa alama moja kati ya sita?"

Jibu lilikuwa lenyewe: mita 9.9. Lakini juu yake hapakuwa na mchoro wala mstari hata mmoja wa njia. Nikamuuliza, "Sasa mama, hii 9.9 imetoka wapi?" Akacheka, nami nikacheka. Sote tulijua imetoka kwenye simu yake.

Nafundisha hisabati Kidato cha Nne hapa Dar es Salaam, na kila nikifika kwenye trigonometria, yaani hesabu za pembe na pande za pembetatu, malalamiko ya wazazi huwa ya namna hiyo. Bora nieleze mapema.

Swali lenyewe lilikuwa hivi: mtu amesimama mita 12 kutoka kwenye shina la mnazi, macho yake yako mita 1.5 kutoka ardhini, anatazama kilele kwa pembe ya mwinuko ya nyuzi 35. Mnazi una urefu gani? Mchoro wenye pembe mahali pake nautolea alama 2. Kuandika uwiano wa tani (upande unaoitazama pembe kugawanya kwa upande ulio kando yake), alama 1. Kusoma tani ya nyuzi 35, yaani 0.7002, kwenye jedwali na kuzidisha kwa 12, alama 1. Kujumlisha ile mita 1.5, alama 1. Jibu likiwa na kipimo chake, alama 1, na hiyo ndiyo aliyoipata kijana wetu. Wengi huishia 8.4, kana kwamba anayetazama ana macho miguuni. Aliyeishia hapo kwangu bado ana alama 4, maana naona alipokwama. Wa 9.9 tupu sijui hata nimsaidie wapi.

Kalkuleta hairuhusiwi darasani kwangu, kwa sababu hairuhusiwi kwenye mtihani wa taifa wa hisabati wa Kidato cha Nne. Wataishika wakifika Kidato cha Tano. Kwa sasa kila mtoto aje na kitabu chake cha majedwali na mkebe uliokamilika. Kuazimana bikari katikati ya jaribio sikubali, maana huko ndiko karatasi za chabo zinakosafiria.

Majedwali nayo yana mitego yake, na hapa huwa nakaa wiki nzima. Chukua kosini, uwiano mwingine wa pembe kama tani na sini, ya nyuzi 40 na dakika 20. Kosa la kwanza ni kusoma 40.2, wakati nyuzi moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 20 ni theluthi ya nyuzi. La pili ndilo sugu. Unakuta 0.7627 kwenye safu ya dakika 18, zinabaki dakika 2, unakwenda safu za pembeni unapata 4, yaani 0.0004. Kwa sini ungejumlisha. Kosini inapungua kadiri pembe inavyokua, kwa hiyo unatoa: 0.7623. Anayejumlisha anapata 0.7631, na nikiona 0.7631 kwenye madaftari mawili ya dawati moja sihitaji kuuliza nani kamtazama nani. Hao wawili hurudia swali ubaoni, kila mmoja kwa zamu, mwenzake akiwa nje.

Kazi ya nyumbani iliyofanywa na simu nayo huitambua mapema. Mtoto ambaye sijamfundisha redio, namaanisha radiani, kipimo kingine cha pembe (hilo kosa la ulimi wanafunzi wangu hawajanisamehe), analeta pembe imeandikwa kwa pai. Simchapi. Namwambia aniambie pai imefuata nini hapo.

Na kwa kuwa nimegusa kuchapa: sichapi mtu kwa kukosa hesabu. Kanuni za serikali za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinamweka mkuu wa shule kuwa msimamizi wa adhabu hiyo na kuweka ukomo wa viboko 4, na sidhani aliyeziandika alikuwa anawaza kosini. Adhabu yangu ni masahihisho. Jaribio ni kila Ijumaa, na alama haiingii kwenye kitabu changu mpaka masahihisho yawe yamefanywa, hata kwa aliyepata 90. Aliye chini ya 45 anarudia jaribio lingine wiki inayofuata, na naandika alama iliyo kubwa.

Kuchelewa nina huruma kiasi. Najua makonda wanavyowaacha wanafunzi kituoni asubuhi wakisubiri abiria wa nauli kamili. Aliyechelewa aingie kimya, akae, anakili mchoro ulioko ubaoni. Kwa anayepanda daladala mchana kutoroka kipindi, sina huruma yoyote.

Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, na majibu ya daftarini nayataka hivyo. Kuuliza, uliza kwa Kiswahili. Mtoto akisema "Mwalimu, hapa sijaelewa upande upi unaitazama pembe", tayari ameshika nusu ya somo.

Jambo la mwisho ni kutoka nje kupima. Tunatengeneza kifaa kwa kipimapembe, uzi na nati, au tunatumia vivuli. Mwaka jana, karibu tarehe 10 Oktoba, niliwatoa saa sita na dakika kumi mchana wapime kivuli cha mlingoti wa bendera bila kuwaambia kitu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku hizo jua hupita utosini, pembe yake ya mwinuko ni nyuzi 90, na tani ya nyuzi 90 haina jibu. Wakazunguka mlingoti na rula zao, kivuli hakuna. Binti mmoja akachuchumaa, akatazama chini, akatazama juu, akasema, "Madam, leo tani ya tisini imetukuta nje."

Mwaka huu tutatoka tena siku hizo hizo, mawingu yakiruhusu. Mtoto aje na kofia na chupa ya maji.