Kidude cha kwenye laita na kreni iliyopoteza hesabu

Wenye mizigo na mawakala wa forodha hapa Nairobi wamekuwa wakituandikia sana, na barua nyingi zina swali lile lile: "Kama setilaiti inaona kontena langu, mbona yadi wanasema hawalioni?" Naomba tuanze hapo. Setilaiti hizi za GPS, za kumwezesha mtu kujua alipo, hazioni kontena la mtu. Setilaiti haina jicho, haijui Embakasi kwenye yadi za makontena ni wapi, wala haijui kama umelipa ushuru. Inachofanya ni kutangaza saa yake na mahali ilipo, basi. Kazi iliyobaki hufanywa na kipokezi kilicho huku chini.

Kreni ya magurudumu ya mpira, ile inayopita juu ya makontena kama meza yenye miguu mirefu, hufungwa antena juu kabisa. Kipokezi cha simu yako hukosea mita kadhaa hata uwanjani pasipo ukuta. Kontena lina upana wa mita 2.44. Kwa hesabu za simu, basi, mzigo wako ungeandikwa kwenye mstari wa jirani, au wa jirani yake. Ndiyo maana kipokezi cha pili huwekwa kwenye paa la ofisi ya yadi, mahali palipokwisha kupimwa na mpima ardhi kwa sentimita. Kwa kuwa hiki kinajua kilipo, kila sekunde hupiga hesabu ya kosa lililomo kwenye mawimbi ya setilaiti, kisha huipelekea kreni masahihisho kwa redio. Kreni nayo haisomi ile saa tu, bali hupima wimbi lenyewe, lenye urefu wa takriban sentimita 19. Hapo kosa hushuka hadi sentimita mbili tatu.

Faida yake ni mbili. Kreni huenda moja kwa moja bila mguu wake kuparuza makontena, na vifungo vya pembe nne vinavyoshika kontena vikifunga au kufungua, mfumo huandika wenyewe kontena limeokotwa wapi na limewekwa wapi. (Setilaiti hueleza kreni iko wapi yadini. Mstari wa ngapi chini ya kreni, na tabaka la ngapi kwenda juu, huhesabiwa na vihisi vya kwenye magurudumu ya kigari kinachobeba kontena juu ya kreni na vya kwenye ngoma ya kamba. Watu wa mitambo hawapendi tukiwasahau.) Zamani karani alizunguka na karatasi. Akikosea nambari moja, kontena lililo chini ya mengine manne hutafutwa kwa kufukua, na kila linalofukuliwa lazima liwekwe mahali na liandikwe upya. Treni moja ya mizigo ya SGR, ile reli mpya ya kutoka Mombasa, hufika Embakasi na shehena inayolingana na makontena ya futi 20 yapatayo 108. Karani hata awe hodari vipi, hiyo ni kazi ya kumchosha mtu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kuna madereva wanaochomeka kwenye tundu la laita kidude cha kuvuruga mawimbi, ili mwenye lori asijue wamesimama wapi, au ili kukwepa mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ambao Kenya, Uganda na Rwanda ziliuanzisha mwaka 2017. Tukiwauliza, hujibu kwamba kinazima "trakingi yangu tu." Hapana. Wimbi halijui mpaka wa kabini yako. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, umbali unaozidi nusu ya mzingo wa dunia, na kila moja hurusha kwa nguvu ya balbu ya nyumbani. Hebu jaribu kuiona balbu hiyo huku jirani amekumulika tochi usoni. Lori linapopita chini ya kreni, kidude kiko mita ishirini na kitu tu kutoka kwenye antena. Kreni hupoteza hesabu, husimama au hurudishwa mikononi mwa dereva wa kreni, na wale wale waliokuwa na haraka hupanga foleni nyuma yake.

Na si kreni tu. Mwaka 2012, lori lililokuwa na kidude cha aina hii lilivuruga mfumo wa kusaidia ndege kutua katika uwanja wa Newark, Marekani. Dereva alitaka tu mwajiri asijue alipo. Mwaka uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya huko ilipendekeza atozwe faini ya dola 31,875. Kutoka yadi za Embakasi hadi uwanja wa ndege wa JKIA si mbali, nadhani naeleweka.

Sisemi kila kontena lililochelewa limecheleweshwa na vidude hivi, wala sizungumzii shauri lolote lililo mahakamani. Yapo mambo ya asili pia. Mvua haina neno, tafadhali msiilaumu, lakini karibu na ikweta tabaka la juu la anga huchafuka baada ya magharibi, hasa miezi ya Machi na Septemba, na vipokezi huyumba. Kuta za chuma za makontena nazo huakisi mawimbi.

Kisheria, chombo kinachorusha mawimbi ya redio husimamiwa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998. Hilo linahusu hata yadi. Ile redio ya masahihisho inahitaji masafa yaliyoidhinishwa, na ombi huonyesha mahali ilipo, urefu wa antena, nguvu na upana wa masafa. Ukihamisha antena kutoka paa hili hadi lile, ruhusa haihami nayo, unaomba upya. Kidude cha kuvuruga hakina fomu. Usiniulize fomu yake, nimeulizwa mara nyingi. Anayekiuza, anayekinunua na anayekitumia wote hujiweka kwenye hatari ya kushtakiwa, na "niliuziwa River Road bila kuelezwa" si utetezi.

Ukishuku usumbufu, andika saa kamili, mahali, na kama usumbufu huo ulikoma lori fulani lilipoondoka. Saa ndiyo muhimu kuliko yote. Namba ya lori bila saa hainisaidii.

Na anayetaka kusalimisha chake, akichomoe kwanza. Vipo vyenye betri ya ndani, hivyo hakikisha taa imezimika. Bwana mmoja alituletea cha kwake mfukoni, kwa nia njema kabisa, kikiwa bado kinawaka, na vipokezi vyetu vyote mezani vikapoteza setilaiti kabla hajafika mapokezi.