Mtandao Usio na Mwenyewe Hushtakiwa Vipi?

Wateja wangu wa teknolojia hapa Nairobi huniuliza mara kwa mara: ikiwa mtandao wa kompyuta hauna kampuni wala mkurugenzi, na maamuzi hupitishwa kwa kura za wenye tokeni (vipande vya kidijitali vinavyompa mwenye navyo haki ya kupiga kura), nani atashtakiwa mambo yakiharibika? Wengi hutarajia niwaambie kwamba hakuna, ilhali mimi naona huenda wakashtakiwa wote.

Mwaka 2021 waanzilishi wa bZx, jukwaa la kukopeshana na kufanya biashara ya sarafu za kidijitali nchini Marekani, walikabidhi udhibiti wa programu yao kwa wenye tokeni, wakiamini kwamba hatua hiyo ingewaepusha na wasimamizi wa soko. Septemba 2022, CFTC, tume ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya bidhaa za baadaye, iliwashtaki wenye tokeni kwa jina la pamoja la Ooki DAO (DAO ni kundi linalojiendesha kwa kura za wenye tokeni bila uongozi wa kati), na hati za mashtaka zikawasilishwa kupitia kisanduku cha mazungumzo kwenye tovuti. Jaji aliikubali njia hiyo. Juni 2023, baada ya mshtakiwa kutofika kujitetea, mahakama ya shirikisho huko California iliamua kwamba kundi hilo ni mtu kwa maana ya sheria husika, yaani linaweza kushtakiwa, ikalitoza dola 643,542.

Kwetu, Sheria ya Ubia ya mwaka 2012 huutazama ubia kama uhusiano wa watu wanaofanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida. Sioni ugumu wa wakili kudai kwamba wapiga kura wanaogawana ada za mtandao wamo humo, na dai hilo likikubaliwa, deni la mtandao litawafuata wao binafsi.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kuuliza funguo za usimamizi, yaani nywila za siri zinazoruhusu kubadilisha programu ya mtandao, ziko kwa nani. Zikiwa tano, na tatu zinatosha kubadilisha programu, basi watu watatu wanaweza kuusimamisha mtandao mzima usiku mmoja, kura ipigwe isipigwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo humtafuta anayeamua, peke yake au pamoja na wengine, data ichakatwe kwa nini na vipi; kwa maoni yangu wenye funguo wako karibu zaidi na maelezo hayo kuliko kijana wa Roysambu anayeukodishia mtandao kompyuta yake bila kujua imehifadhi nini.

Huwashauri wateja wasajili ubia wenye dhima yenye kikomo chini ya sheria ya mwaka 2011. Usajili huo hauwaondolei wenye funguo wajibu wa makosa yao wenyewe, ila humkinga mbia wa kawaida asidaiwe mali yake binafsi kwa deni la ubia.