Sefu ya kuzuia moto na mwizi ni mambo mawili

Kwenye maduka ya Ngamiani, Tanga, wengi huamini kuwa sefu inayozuia moto humzuia na mwizi, maana chuma ni chuma. Kumbe sefu ya moto mara nyingi ni mabati mawili membamba yaliyojazwa kizuia joto katikati. Kazi yake ni kuzuia joto la ndani lisipite, kwa mfano, nyuzi 177 za Selsiasi kwa dakika 30 au 60. Mtaimbo ni habari nyingine. Tena kizuia joto hicho huweza kutoa unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani hati ya kiwanja ikikaa humo miezi huota ukungu. Itie kwanza kwenye mfuko wa plastiki.

Fungua mlango usome kibandiko. Kikitaja dakika na joto tu, hiyo ni ya moto. Ya wizi hutaja daraja la kuhimili uvunjaji, kama la kiwango cha Ulaya EN 1143-1. Zipo zenye vyote viwili, ila bei yake inakimbiza watu. Kisha tazama chini kama ina matundu ya bolti: sefu ndogo isiyofungwa kwenye zege hubebwa nzima nzima, ikafunguliwe kwingine kwa nafasi.