Soka ya Australia ya wanawake haikuzaliwa 2017

Wengi huamini kwamba wanawake wa Australia walianza kucheza mpira wao wa yai, ambao si soka ya kawaida wala raga, Februari 3, 2017, klabu ya Carlton ilipopambana na Collingwood jijini Melbourne. Usiku ule watu zaidi ya 24,000 walijaza uwanja, wengine wakazuiwa getini. Lakini hiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya AFLW, ligi ya taifa. Mchezo wenyewe ni mkongwe mno.

Jijini Perth, wafanyakazi wa kike wa maduka walikuwa wakiucheza mwaka 1915. Katika jimbo la Victoria, ligi ya wanawake ya VWFL ilifungua msimu wake wa kwanza mwaka 1981 kwa timu nne tu. Nne! Ikaendelea kukua msimu baada ya msimu. Humo ndimo Darebin Falcons walitwaa ubingwa mara tano mfululizo, 2006 hadi 2010, na humo ndimo alikolelewa Daisy Pearce, nahodha wa kwanza wa klabu ya Melbourne katika AFLW. Kusema yote yalianza 2017 ni kuwafuta wachezaji waliobeba mchezo huu bila malipo wala kamera.