Mafuta ya jikoni na mabomba ya majitaka: maswali ya wenye biashara za chakula

Mafuta yanamwagwa yakiwa ya moto na mepesi. Yanazibaje bomba?

Yanapoa. Kwenye sinki hupita vizuri, lakini mbele kidogo, ndani ya bomba lililofukiwa ardhini, hukutana na ubaridi, huganda na kung'ang'ania ukutani. Kesho tabaka jingine huja juu yake. Kisha asidi za mafuta huungana na kalsiamu iliyomo kwenye majitaka na kwenye zege la mabomba, na kufanya kitu kigumu kama sabuni iliyokauka. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, London, lilikutwa bonge la mafuta na vitambaa vya kujifutia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa takriban tani 130. Iliwachukua mafundi majuma kadhaa kulivunja.

Nikifuatishia maji ya moto na sabuni, si yanakwisha?

Hayaishi. Sabuni huyavunja kuwa matone madogo yanayosafiri na maji. Maji yakipoa na sabuni ikazimuka, matone hukutana tena na kuganda. Sinki lako limefunguka, bomba la mtaa limeanza kuziba. Dawa nyingi za kuyeyusha mafuta nazo huyasukuma mbele vivyo hivyo, kwa hiyo sishauri mtu azitegemee.

Hili si jambo la fundi bomba? Afya inaingiaje?

Bomba likiziba, majitaka hurudi yalikotoka, na mara nyingi hutokea kwenye tundu la sakafu ya jiko kwa sababu ndilo lililo chini. Yanaweza kuja na vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya homa ya ini aina ya A, na mayai ya minyoo. Mpishi akiyakanyaga, hatua tatu tu amefika kwenye meza ya kukatia chakula. Panya na mende nao hawakawii.

Kila siku nifanye nini?

Kazi kubwa iishe kabla koki haijafunguliwa. Kwangua sahani, pangusa sufuria na vikaango kwa karatasi, na karatasi hiyo iende kwenye pipa la taka. Weka kichujio kwenye tundu la sinki. Mchuzi, siagi na maziwa ni mafuta pia, ingawa wengi huyamwaga bila wasiwasi. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yaache yapoe, yatie kwenye dumu lenye kifuniko, kisha wape wakusanyaji wenye kibali. Hutengenezwa sabuni au dizeli. Yasirudi jikoni kamwe.

Anza kumfundisha muosha vyombo. Yeye ndiye anayeamua nini kiingie kwenye bomba, na ndiye anayekumbukwa mwisho mafunzo yanapotolewa. Inaniuma kuona hivyo.

Nimefunga mtego wa mafuta. Je, unatosha?

Peke yake hapana. Mtego ni sanduku ambamo maji ya sinki hupita kabla ya kuingia kwenye bomba la majitaka. Hupunguza mwendo wa maji: mafuta yaliyo mepesi huelea, mashapo hutua chini, na maji yaliyo katikati hutoka kupitia bomba linaloanzia karibu na chini. Ukimwaga maji ya moto sana, mafuta hupita nayo. Ukijaa, ni kama haupo. Usafishe kabla mafuta na mashapo kwa pamoja hayajafikia robo ya kina chake. Pima kwa kijiti, andika tarehe daftarini. Mtego mdogo wa chini ya sinki huweza kuhitaji kusafishwa kila wiki au mapema zaidi. Yaliyotolewa humo yasimwagwe kwenye chemba ya majitaka, na bomba la choo lisiunganishwe nao.

Majitaka yakishafurika jikoni?

Acha kupika mara moja na funga maji, hata kama wateja wamekaa. Tupa chakula chochote kilichoguswa na maji hayo, pamoja na kilichofungwa kwenye karatasi au mfuko. Wanaosafisha wavae glavu na buti. Osha kwa sabuni kwanza, kisha ndipo upake klorini, kwa kuwa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Usiichanganye na asidi ya kuzibulia mabomba: hutoa gesi yenye sumu. Fungua jiko bomba likishazibuliwa na sakafu ikishakauka. Mfanyakazi akiharisha au kutapika, asishike chakula mpaka saa 48 zipite tangu dalili zikome.