Bingwa wa mbio fupi akigeuzwa dume la mbegu

Nafanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, kwenye shamba moja upande wa Usa River, karibu na Arusha. Farasi wetu ni wa kupandisha watalii, lakini nikishuka Tengeru kunywa chai, machalii wanaobeti huniuliza habari za wale wa mbio. Mengi wanayoambiana si kweli, na mnyama huyu nampenda, siwezi kunyamaza. Nitamtumia mmoja tu kuyanyoosha: Starspangledbanner.

Wanasema ni wa Marekani, kwa sababu jina lake ni la wimbo wa taifa wa kule. Hapana. Kazaliwa Australia mwaka 2006, mtoto wa Choisir, yule aliyesafirishwa hadi Uingereza 2003 akashinda mbio mbili za Royal Ascot, mashindano makubwa ya farasi ya kule, ndani ya wiki moja.

Wanasema pia kwamba farasi wa mbio fupi pumzi hana. Huyu alishinda Caulfield Guineas ya mita 1600 mwaka 2009, kisha Oakleigh Plate ya mita 1100 mwaka 2010. Akapelekwa Ireland kwa mkufunzi wa farasi Aidan O'Brien, na mwaka huohuo akachukua Golden Jubilee na July Cup, zote za mita 1200. Hapo ndipo alipokuwa moto.

Dhana iliyoshika mizizi kuliko zote ni hii: bingwa akistaafu, kazi imekwisha, ni kuzalisha na kuhesabu hela. Mwaka 2011 Starspangledbanner aliwekwa Coolmore, shamba la kuzalisha farasi huko Ireland, apande majike. Walioshika mimba walikuwa wachache mno. Mbegu zake zilikuwa dhaifu. Miguu, moyo na mapafu vilikuwa vya bingwa, lakini uzazi ni jambo jingine kabisa, halipimwi uwanjani. Ikabidi arudishwe mbioni, na makali ya 2010 hayakurudi.

Nilipolieleza hili, mzee mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa aliniuliza: "Sasa kijana wangu, si wangewahimilisha majike kwa mbegu zake tu?" Swali zuri, na kwetu ni la kawaida, maana kituo cha taifa cha uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu bila kupandwa na dume, kipo hapahapa Usa River. Dume mmoja wa ng'ombe anaweza kuzalisha hadi Sumbawanga bila kutoka bandani. Ila kwa thorobredi, aina ya farasi wa mbio kama huyu, sheria ya usajili inakataa. Lazima dume ampande jike mwenyewe, la sivyo mtoto haandikishwi na hawezi kukimbia. Nimeshika kamba siku farasi wanapandana: mkia wa jike umefungwa bendeji, mmoja wetu amemshika kichwani akimnong'oneza, dume anakuja amesimama kwa miguu ya nyuma, na teke moja tu la jike linatosha kumvunja mguu. Fikiria kazi hiyo msimu mzima, halafu jike anapimwa na hana kitu.

Lakini msimwite aliyeshindwa. Watoto wachache aliowapata mwanzo walitisha. Juni 2014, Royal Ascot, The Wow Signal alishinda mbio za Coventry, na kesho yake Anthem Alexander akashinda za Queen Mary. Baba mmoja, siku mbili mfululizo. Nilipolisoma hilo nilisimama.

Na wanaosema baba wa mbio fupi huzaa wa mbio fupi tu, wamtazame State of Rest, mtoto wake. Alishinda Cox Plate ya mita 2040 mwaka 2021, kisha mbio za Prince of Wales's za karibu mita 2000 mwaka 2022. Damu ya mama nayo ina neno lake.

La mwisho huulizwa kila mara: kwa nini matajiri wa Arusha wasilete dume kama huyo? Hela si kikwazo pekee. Huku kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, na farasi mgeni asiyechanjwa hufa upesi. Kwa hiyo jua likianza kuinama nawaachia chai yao, nawahi kuwaingiza wangu bandani.